Nusu Mbili za Orlena

Ukitaka kumuudhi Orlena Sizemore, lisifie blanketi lake kabla hujaligusa. Atakutazama juu ya miwani, akuulize, "Umeona nini wewe?" nawe utababaika. Kwake yeye blanketi si rangi wala si joto, ni mshono wa katikati. Atakushika mkono, akipitishe kidole chako kwenye mshono ule kutoka kichwani mpaka miguuni, na usipokwaa popote ndipo atakapokuruhusu useme neno jema, tena liwe moja.

Mtambo wake wa kufumia aliuchonga babu yake kwa mwaloni, na ni mwembamba, maana mzee yule alikuwa na chumba kimoja na watoto tele. Hautoi kitambaa cha kutosha kitanda kizima. Kwa hiyo blanketi hufumwa nusu, likafumwa nusu nyingine, kisha nusu hizo zikaunganishwa kwa sindano. Hapo ndipo penye kazi. Mkono ukishindilia uzi kwa nguvu zaidi katika nusu ya pili, michoro hubanana na nusu ikatoka fupi. Ukilegea, inarefuka. Mchoro anaoupenda Orlena huku milimani unaitwa Nyayo za Paka na Njia ya Konokono, wa sufu ya buluu iliyotiwa nili juu ya pamba nyeupe, na ile njia ya konokono inazunguka, inavuka mshono, inaendelea upande wa pili. Nusu zisipolingana, konokono anafika ukingoni na kukosa pa kwenda.

Mimi nakaa ng'ambo ya kijito cha Spicewood, mlango wangu unatazamana na baraza lake, na nimeusikia mtambo ule tangu nilipoolewa bondeni humu. Mchana wetu ni mfupi. Milima imesogeleana mno, jua linachelewa kuingia na kuondoka linawahi, na hapo katikati kuna saa za usingizi usingizi, ukungu umenasa kwenye miti, kuku kimya, moshi wa jikoni umesimama tu juu ya bati haujui uende wapi. Mtu akikuita saa hizo unaitika kwanza, halafu ndiyo unakumbuka wewe ni nani. Ndizo saa ambazo Orlena alikuwa akifuma, mlango wazi, na Hassie Begley amekaa barazani kwenye kiti cha kubembea, akitunga maharage mabichi kwenye uzi ili yakauke kwa ajili ya majira ya baridi. Wote wawili wajane. Waume zao walifanya kazi mgodi mmoja wa makaa, wakaugua kifua kile kile, wakazikwa kilima kile kile, na wake zao wakabaki wanataniana.

"Hassie, umelala?"

"Sijalala. Nimefumba macho nisikuone."

"Maharage yako yanamwagika."

"Yanamwagika ya kwangu. Wewe yanakuwasha nini?"

Basi ilikuwa hivyo mpaka jua liondoke bondeni, huku mtambo unagonga, kiti kinalia kwenye mbao, kijito kinapita. Nilikuwa naweka kikapu cha nguo chini nisikilize, nguo zinaota ukungu, mume wangu anauliza chakula kiko wapi.

Watu wa vuli, wale wanaokuja kutazama majani yakigeuka rangi, walizoea kumuuliza Orlena anawezaje kulinganisha nusu mbili zilizofumwa kwa miezi tofauti. Naye aliwajibu, "Nakisikiliza kijito. Kijito hakibadiliki, basi na mkono haubadiliki." Aliamini hivyo kabisa. Nasi tuliamini, kwa sababu lilikuwa jambo zuri la kuamini, na kijito kilikuwa chetu sote.

Kisha ikaja gharika ya Julai. Ilikuja alfajiri, mvua ya usiku kucha imeshajaa milimani, na maji yakateremka bondeni ya kahawia, yamebeba miti mizima imesimama wima. Yalichukua daraja. Yalichukua zizi letu. Nyumba ya Hassie, iliyokuwa chini kidogo ya kwa Orlena, iliinuka juu ya misingi yake taratibu, ikageuka upande, ikaondoka bila kelele, taa ya jikoni bado inawaka. Hassie mwenyewe alikuwa ameshapanda mlimani, amevaa gauni la kulalia, kuku mmoja kwapani. Niliitazama taa ile mpaka ikapinda kona. Mpaka leo naiota, na katika ndoto kuna mtu ndani anapika mkate wa mahindi.

Maji yalipopungua, Mchungaji Estill akakusanya watu kanisani. Ikakubaliwa kwamba waliopoteza nyumba wajengewe upya, juu zaidi ya mlima, na kila mtu atoe alichonacho. Wengine walitoa mbao, wengine mikono yao. Orlena alikuwa na nusu ya blanketi sandukuni, aliyoimaliza kabla ya mvua, tena nzuri kuliko zote alizowahi kufuma. Akasimama akasema atafuma nusu ya pili, blanketi liuzwe kwa mnada wa Oktoba, watu wa vuli watakapokuja na pochi zao.

"Nyumba ya kwanza iwe ya Hassie," akasema, akaketi kabla mtu hajamwuliza kwa nini.

Kila mtu alijua kwa nini. Hassie alikuwa amewekwa kwenye trela ya serikali, nyumba ya magurudumu, kwenye uwanja wa shule mdomoni mwa bonde, amevaa nguo za msaada, na hakuwa akija tena barazani. Aliona haya, mwanamke aliyezoea kugawa maharage kwa bonde zima, leo anapewa soksi. Na binti yake Glenna alikuwa akimpigia simu kutoka Dayton, kule Ohio, kwamba chumba kiko tayari, aje kabla ya theluji. Dayton imewameza wengi wetu. Wanakwenda kwa ajili ya viwanda, wanarudi kwa ajili ya mazishi. Orlena aliogopa kwamba Hassie akipanda gari la kwenda huko hataonana naye tena, na nyumba ndiyo njia pekee aliyoiona ya kumzuia bila kumwambia "usiende." Sisi wa milimani maneno hayo hatuna. Tungekuwa nayo, tungebaki wengi.

Akafuma Agosti yote. Alipoikata nusu ile na kuiweka mezani kando ya mwenzake, aliniita kwa sauti ambayo sikuizoea. Nikavuka kijito juu ya gogo.

"Tazama," akasema.

Nikatazama. Konokono wa kwanza alivuka salama. Wa pili alijikwaa kidogo. Kufikia katikati ya blanketi, njia ya upande mmoja ilikuwa inatazamana na paka wa upande wa pili.

"Si mbaya sana," nikasema, Mungu anisamehe.

"Delphia, nenda nyumbani kwako."

Lakini kabla sijafika gogoni akanifuata barazani, mikono kiunoni, akawa anakitazama kijito. Gharika ilikuwa imekihamisha. Zamani kilipita chini ya baraza lake, kikibubujika kwenye mawe, na sasa kilikuwa kimejichimbia njia upande wangu, kinapita kwenye mchanga.

"Kimehamia kwako," akaniambia, kama vile nimekiiba.

Habari ikafika kanisani, na hapo ndipo wanaume wa bonde letu walipofanya jambo ambalo sidhani kama wanaume wa mahali pengine popote wangelifanya. Walikuwa na matope ndani ya nyumba, na mazizi ya kujenga, na kuni za kukata. Wakaacha vyote. Wakaja na nyumbu wa kukokota wa Mchungaji Estill, minyororo na mitarimbo, wakashinda kutwa nzima wanakirudisha kijito mahali pake ili kilie kama kilivyokuwa kinalia. Orlena alisimama barazani amefumba macho, anaelekeza kwa kidole.

"Lile jiwe kubwa, kushoto! Hapana, umelizidisha. Zamani lilikuwa linaguna, sasa linapiga kelele."

"Dada Orlena," akasema mchungaji, maji yamefika mapajani, "jiwe ni jiwe."

"Na mahubiri ni mahubiri, lakini mengine watu hulala. Sogeza."

Kufikia jioni, nakuapia, kilikuwa kijito kile kile. Nilikaa mlangoni na ukungu ukaja, na kilipoanza kubwabwaja chini ya baraza lake nikahisi kama gharika haikuwahi kutokea, kama nikiinua macho nitaona bati la nyumba ya Hassie na moshi wake. Sikuinua macho. Wanaume walikula maharage na mkate wa mahindi, wakajiona mashujaa, wakaenda zao.

Orlena akafumua, akafuma upya. Ikatoka mbaya kuliko ile ya kwanza.

Safari hii hakuniita. Nilimwona amekaa kwenye ngazi na kitambaa mapajani, anavuta uzi mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kukubali. Oktoba ilikuwa imekaribia. Nilitamani kwenda kumkumbatia, lakini Orlena ukimkumbatia anakaza mwili kama ndama, kwa hiyo nikapika kahawa nikavuka nayo.

Tulikuwa tumeketi hivyo pale Hassie alipotokea kwenye njia, anapanda polepole, amevaa koti la msaada lenye vifungo vya dhahabu.

"Koti gani hilo?" Orlena akamwuliza kabla hata hajafika.

"La tajiri fulani wa Ohio. Limetangulia kuja kunionyesha njia ya huko." Akasimama chini ya ngazi, anahema. "Glenna anakuja Jumamosi. Nimekuja kuwaaga."

Orlena akakiweka kitambaa kando. Aliinuka, akaingia ndani, akakaa kwenye mtambo akaanza kufuma kwa hasira, hata hakutazama anafuma nini. Nilijua analia, na Hassie alijua. Hassie akaketi kwenye kiti chake cha kubembea, maana alikuwa amechoka na kilima, akashusha pumzi, akaanza kubembea. Ubao wa baraza ukalia. Ukalia tena. Nikammiminia kahawa.

"Nyumba tungekujengea," Orlena akasema kutoka ndani.

"Najua."

"Si sadaka."

"Ni sadaka, Orlena. Iite jina lolote unalotaka."

Ukungu ulikuwa unateremka ile teremka yake ya kivivu, na mimi nikaanza kupotea, mtambo unagonga, ubao unalia, mtambo unagonga, sikujua tena ni mwezi gani wala kama maji yalikuja au yangali yanakuja. Ghafla mtambo ukasimama.

"Hassie, inuka."

"Ndiyo kwanza nimeketi."

"Inuka nimekwambia!"

Hassie akainuka. Mtambo ukagonga mara kadhaa, ukasimama tena.

"Keti."

"Mimi mbwa wako?"

"Keti, mama. Bembea kama ulivyokuwa unabembea."

"Nilikuwa nabembeaje? Sikuwa nafanya kitu!"

"Basi usifanye kitu hivyo hivyo."

Akaketi, akabembea. Mtambo ukafuata. Mimi nikachungulia mlangoni, nikamwona Orlena ameiweka nusu ile ya zamani juu ya goti lake, anailinganisha na ile inayozaliwa mtamboni, na konokono anavuka bila kujikwaa, wa kwanza, halafu wa pili. Kumbe kijito hakikuhusika kabisa. Ulikuwa ni ubao ule, miaka yote ile, na uzito wa Hassie juu yake, anayekwenda mbele na kurudi nyuma bila kufikiri.

"Umewaambia watu kijito," Hassie akasema, pole pole, jambo linamwingia.

"Sikujua."

"Watu wameshinda majini kutwa. Nyumbu amepata mafua!"

"Nimekwambia sikujua, Hassie."

Hassie akacheka. Alicheka mpaka kahawa ikamwagikia koti la tajiri wa Ohio, na Orlena naye akacheka huku anafuta macho kwa sufu. Halafu Hassie akalivua koti, akalitundika kwenye msumari wa ukuta. Jioni alishuka hadi kwenye simu ya shule akamwambia Glenna asije Jumamosi. "Nina kazi kidogo huku," akamwambia. Glenna akauliza kazi gani, umri huo. "Ya kukaa," akajibu.

Blanketi lilimalizika siku moja kabla ya mnada. Daktari mmoja kutoka mjini Lexington ndiye aliyelinunua, na kabla hajalipa Orlena alimshika mkono akakipitisha kidole chake kwenye mshono. Mchungaji Estill alitangaza kwamba mbao za nyumba ya kwanza zimepatikana, watu wakapiga makofi, tukala keki ya matufaha yaliyokaushwa. Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini nyumba haijengwi kwenye ardhi iliyoganda, ingebidi kungoja majira ya machipuko, na trela ilikuwa inapitisha upepo. Glenna akaja na gari. Ni mtoto mzuri, simlaumu. Alikuwa anamwogopea mama yake.

Alimleta barazani aage, injini inawaka. Hassie akapanda ngazi, akaingia ndani kumtafuta Orlena, nasi tukamsikia anasema, "We mwanamke, una wazimu."

Tukamfuata. Mtamboni kulikuwa na blanketi jipya. Orlena alikuwa ametanda nyuzi siku ile ile alipoikata nusu ya lile la mnada, na mchana uliobaki, wakati Hassie amesinzia kitini anabembea, alikuwa amelianza. Nyayo za paka zilikuwa zimeshapita, na konokono alikuwa njiani.

"Umeanza jingine," Hassie akasema.

"Nimeanza."

"Nikiwa nimekaa pale."

"Ulikuwa umekaa pale."

"Shangazi Orlena," Glenna akasema kwa upole, "si utamalizia tu mwenyewe?"

Wazee wawili wakamtazama yule binti kwa huruma. Hassie akakigusa kitambaa, akaupitisha mkono kwenye ukingo wake, ule ambao siku moja ungekuwa mshono. Nilimwona anahesabu moyoni: Dayton, chumba chenye joto, wajukuu. Nadhani alihesabu kwa haki.

"Zima gari, mwanangu," akasema. "Unamaliza mafuta."

Hakuondoka tena. Machipuko yalipofika na nyumba yake ikajengwa mlimani, alikataa kuingia. Akasema wapewe vijana fulani wenye mtoto mchanga, yeye ana kazi. Akahamia kwa Orlena na kuku wake. Na Orlena, kwa miaka yote iliyofuata, hakuwahi kulikata blanketi bila kuwa na jingine limeshaanzwa kabla Hassie hajainuka kitini. Hilo hawakulizungumza kamwe, na bonde zima lililijua. Yaliuzwa yote kwa ajili ya watu waliopatwa na maafa: kimbunga cha Tennessee, gharika ya bonde la chini yetu, mgodi uliolipuka upande wa pili wa mlima. Wahuni kanisani walimwita Hassie fundi wa kubembea, naye aliwajibu wajaribu wao waone kama ni rahisi.

Hassie alifariki mwaka juzi, mwezi wa Februari, mchana. Kiti kilikuwa kimeingizwa ndani karibu na jiko. Orlena aliniambia kwamba hakugeuka kutazama. Aliona kwenye kitambaa. Nyuzi chache zilikaa vibaya, na akajua.

Nusu ile ilikuwa imebakiza kidogo tu kuisha. Aliikata kama ilivyo. Kilimani siku ya mazishi, theluji nyembamba inadondoka bila haraka, akaitandaza juu ya jeneza, na upana ule wa mtambo wa babu yake ukalitosha barabara. Njia za konokono zilifika ukingoni zikakoma.

Mchungaji Estill akamsogelea. "Dada Orlena, hii ni nusu."

"Najua ni nusu. Ya pili nitakuja nayo mwenyewe."

Basi anaifuma sasa. Mchana, ukungu ukishanasa mitini, namsikia kutoka mlangoni kwangu. Mtambo unagonga, unasita, unagonga mara mbili za haraka, unatulia. Hauna mwendo wa kitu chochote ninachokijua. Wiki iliyopita nilivuka na kahawa nikaitazama, na kwa kuwa nimezeeka na siogopi tena kufukuzwa, nikamwambia ukweli.

"Orlena, hii haitalingana na ile."

"Hata kidogo," akasema, bila kuinua macho. "Acha anicheke."